Kutayarisha Maji Taka ya Zizi Kabla ya Mtambo wa Bayogesi: Mfano wa Mazingira ya Mudaka, Kivu ya Kusini

1.0 Utangulizi

Anayezungumza juu ya bayogesi kwa kawaida huanza na tangi: ukubwa wake, kuba lake, saruji yake na mabomba yake. Makala haya yanaanza mahali pengine. Yanakusudia kueleza kazi inayofanywa juu ya samadi na maji taka ya mifugo kabla hayajaingia tangini, na kuonyesha kwamba katika nchi ya milima yenye ubaridi kazi hiyo ndiyo inayoamua kama moto utawaka jikoni au hautawaka. Kazi hiyo tutaiita matayarisho ya awali.

Mfano wetu ni Mudaka, kituo cha soko katika teritwari ya Kabare, kaskazini ya mji wa Bukavu, kwenye barabara iendayo Kavumu uliko uwanja wa ndege. Mudaka imechaguliwa kwa sababu inakusanya mambo matatu yanayokutana pia katika sehemu nyingi za miinuko ya Afrika ya Mashariki: ng'ombe wachache kwa kila kaya, hewa ya ubaridi, na haja kubwa ya kuni. Msitu ulio karibu ni ule wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980. Tangu mwaka 1997 hifadhi hiyo imo katika orodha ya urithi ulio hatarini, na ukataji wa miti kwa ajili ya makala ya kupikia ni mojawapo ya mambo yanayoisumbua. Kila lita ya gesi inayopotea zizini, basi, ina bei yake msituni na mgongoni mwa mama abebaye kuni.

Somo hili lina nafasi yake katika jarida la taaluma za Kiswahili. Mtambo uliojengwa vizuri hushindwa pale maelekezo ya kuulisha yanapoandikwa katika lugha asiyoitumia anayeulisha. Kwa hiyo, sambamba na kueleza hatua za kazi, tutaangalia pia maneno ambayo Kiswahili tayari kinayo kwa hatua hizo.

2.0 Yanayotendeka ndani ya tangi

Bayogesi ni mchanganyiko wa gesi unaotokea pale mata ya viumbe inapooza mahali pasipo na oksijeni. Sehemu yake kubwa, kati ya asilimia 50 na 70, ni methani, ambayo ndiyo iwakayo. Sehemu iliyobaki ni kabonidayoksaidi, pamoja na kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza.

Kazi ya kuozesha hufanywa na vijiumbe wa makundi mbalimbali, nao hupokezana kwa hatua nne. Katika hatua ya kwanza, inayoitwa haidrolisisi, vimeng'enya huvunja wanga, protini, mafuta na selulosi kuwa vipande vidogo vinavyoyeyuka majini. Katika hatua ya pili vipande hivyo hugeuzwa kuwa asidi. Katika hatua ya tatu asidi hizo hurahisishwa kuwa asidi ya siki, haidrojeni na kabonidayoksaidi. Katika hatua ya nne vijiumbe wa methani hutumia mazao hayo kutengeneza gesi iwakayo.

Wakazi wa Kivu wanao mfano mkubwa wa jambo hili mbele ya macho yao. Katika kina cha Ziwa Kivu, ambako oksijeni haifiki, imelimbikizwa methani inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 60 hivi, na sehemu yake imetokana na kazi ya vijiumbe wa namna hiyohiyo. Upande wa Rwanda methani hiyo imekuwa ikitumika kuzalisha umeme katika mtambo wa KivuWatt, wenye uwezo wa megawati 26, uliozinduliwa mwaka 2016. Lakini ziwa lina muda wa mamia ya miaka. Mkulima ana muda wa wiki chache tu kabla uji wa samadi haujasukumwa nje ya tangi lake.

Hapo ndipo panapozuka haja ya matayarisho. Samadi ya ng'ombe ina majani mengi ambayo tumbo la mnyama halikuweza kuyavunja. Selulosi ya majani hayo imeshikamana na lignini, kitu kigumu ambacho vijiumbe wasiotumia oksijeni hawakiwezi kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, penye samadi ya ng'ombe hatua inayochelewesha mnyororo wote mara nyingi ni ile ya kwanza. Matayarisho ya awali ni kuisaidia hatua hiyo ya kwanza nje ya tangi, ili muda wa ndani ya tangi utumike kutengeneza gesi.

Jambo hili si geni kwa mtu wa Kabare. Anayetengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, hatii ndizi mbichi katika chombo cha kuchachushia. Kwanza huzivundika kwa siku kadhaa katika shimo lililofunikwa majani ili ziive na wanga wake ugeuke sukari; kisha huzikamua kwa nyasi, huchuja maji yake, huyazimua, ndipo huongeza unga wa mtama na kuacha uchachu ufanye kazi. Kuvundika, kukamua, kuchuja na kuzimua: yote hayo ni matayarisho ya awali. Akosaye hapo hawezi kuirekebisha pombe yake baadaye.

3.0 Zizi na maji taka yake

Ardhi ya Kabare ni finyu. Mashamba ya migomba yamebanana na mashamba makubwa ya zao la biashara, na malisho ya wazi ni machache. Aidha, vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viliondoa ng'ombe wengi katika nyua za Washi wa vilima hivyo, na kaya nyingi zikageukia wanyama wadogo: nguruwe, mbuzi, sungura na simbilisi. Palipo na ng'ombe wa maziwa, mara nyingi hufungwa zizini na kuletewa majani.

Ufugaji wa zizini una faida kwa bayogesi, kwa sababu samadi haitawanyiki malishoni. Hata hivyo, kinachotoka zizini si samadi tupu. Ni mchanganyiko wa kinyesi, mkojo, maji ya kuoshea sakafu, mabaki ya majani marefu, matandiko, udongo wa kwato, na pengine dawa za kupe. Kila kimoja katika hivyo kina athari yake tangini.

Hali ya hewa nayo ni sharti la kuzingatiwa. Miinuko hii iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na wastani wa joto la mwaka ni nyuzi 19 hadi 20 za Selsiasi. Vijiumbe wa methani hustawi zaidi kati ya nyuzi 30 na 40. Chini ya nyuzi 15 karibu wasimamishe kazi. Kwa hiyo muda ambao samadi inahitaji kukaa tangini katika milima ni mrefu kuliko ule wa pwani, na kosa dogo la ulishaji ambalo pwani lingesameheka, hapa huonekana mara moja katika mwali wa jiko.

Haina maana kwamba bayogesi haiwezekani katika tabianchi hii. Ng'ambo ya mto Ruzizi, katika gereza la Cyangugu nchini Rwanda, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali ilijenga mtambo mkubwa ulioanza kazi mwaka 2001, na kazi yake ya bayogesi magerezani ikatunukiwa tuzo ya Ashden mwaka 2005. Mtambo ule ulitumia kinyesi cha watu, lakini matangi yake yalichimbiwa ardhini katika ubaridi uleule unaoikabili Bukavu.

4.0 Hatua za matayarisho

4.1 Kutenga

Hatua ya kwanza ni kutenga visivyotakiwa. Mchanga na changarawe havitoi gesi. Huzama na kukaa chini ya tangi. Zizi linalopeleka kilo moja tu ya mchanga kwa siku litakuwa limepeleka kilo 365 kwa mwaka, yaani takriban lita 200 za nafasi iliyokusudiwa samadi. Dawa ya jambo hili ni birika dogo la kuchanganyia lenye sakafu inayoinamia upande usio na tundu la kutokea, ili mchanga utuame hapo na kuzolewa kila asubuhi. Majani marefu nayo huelea, hushikana na kufanya utando mgumu juu ya uji, na gesi hushindwa kupenya. Hayo hutolewa kwa reki au kwa wavu wa matundu mapana.

Lililo muhimu kuliko yote ni kutenga maji yenye dawa. Maji yaliyooshea ng'ombe aliyenyunyiziwa dawa ya kupe, sabuni kali za kuulia viini, na kinyesi cha mnyama aliye katika tiba ya antibiotiki vinaweza kudhuru vijiumbe wa tangini. Hivyo vipelekwe kando mpaka siku za tiba zipite.

4.2 Kupima maji

Kosa lililoenea zaidi ni kuzidisha maji. Kinyesi kibichi cha ng'ombe kina maji yapata asilimia 80 au zaidi; kikichanganywa na maji kwa kiasi sawa, ndoo kwa ndoo, hupatikana uji wenye yabisi ya asilimia 8 hadi 10, unaotiririka vizuri na kuchachuka vizuri. Zaidi ya hapo maji hayaongezi gesi. Huongeza mwendo tu.

Tuchukue hesabu. Kaya yenye ng'ombe watatu wa zizini hupata, tuseme, kilo 30 za kinyesi kwa siku. Ikiongeza lita 30 za maji, hulisha tangi kwa lita 60 hivi. Tangi lenye nafasi ya lita 6,000 za uji litaubakiza uji huo kwa siku 100. Sasa tuseme sakafu inaoshwa kwa lita 60 nyingine, na maji yote yanaelekezwa tangini. Ulishaji unakuwa lita 120 kwa siku, na muda unashuka hadi siku 50. Samadi ni ileile, tangi ni lilelile, lakini nusu ya muda imekwenda na maji. Katika nyuzi 19 za joto, siku hizo 50 hazitoshi kuvunja majani, na sehemu kubwa ya gesi hutoka nje ikiwa haijazaliwa.

Kanuni yake ni fupi: beleshi litangulie ndoo. Kinyesi kizolewe kikiwa kizito kabla ya kuosha, na maji ya kuoshea yapelekwe moja kwa moja katika migomba. Palipo na shida ya maji, mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji ya kuchanganyia. Ikiwa maji ya kuosha tayari yamechanganyika na kinyesi, yaachwe katika birika kwa saa chache. Kizito hutuama au huelea, nayo maji mepesi ya katikati hutolewa. Ieleweke hata hivyo kwamba maji hayo mepesi huondoka na sehemu ya vitu vilivyoyeyuka ambavyo vingetoa gesi. Kwa hiyo njia hii ni tiba, na beleshi ndiyo kinga.

4.3 Kukatakata

Vijiumbe hula kutoka nje kwenda ndani. Kadiri kipande kinavyokuwa kidogo, ndivyo eneo lao la kazi linavyopanuka. Ushahidi mzuri umetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako A. Mshandete na wenzake walichunguza taka za mkonge. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, nyuzi za mkonge zilizokatwa kufikia milimita 2 zilitoa methani zaidi kwa asilimia 23 kuliko zile ambazo hazikukatwa. Mkonge si samadi, lakini unyuzi wake ni ndugu wa majani ya tembo anayobakiza ng'ombe zizini.

Katika Mudaka hahitajiki mtu kununua mashine. Majani yakatwekatwe kabla ya kupewa mnyama, si baada ya kuokotwa sakafuni. Mnyama hula zaidi, hubakiza kidogo, na kinachoangukia samadi kinakuwa kifupi tayari. Panga moja hufanya kazi mbili.

4.4 Kulowesha

Uji uliochanganywa asubuhi unaweza kuachwa birikani mpaka alasiri ukifunikwa, ili majani yalainike na haidrolisisi ianze. Watafiti haohao wa Dar es Salaam, katika makala yao ya mwaka 2005, walionyesha kwamba massa ya mkonge yaliyoachwa penye hewa kwa saa 9 kabla ya kuingizwa tangini yalitoa methani zaidi kwa asilimia 26 kuliko yasiyotayarishwa.

Saa hizo zina mpaka wake. Vijiumbe wanaotumia oksijeni hawafanyi kazi bure, nao hula. Wakiachwa kwa siku nyingi huitumia kaboni ambayo ingekuwa methani, au uji huanza kutoa gesi yake birikani, ikapotea hewani. Hasara hiyo ni ya jiko na ya dunia pia, kwa maana methani hutia joto katika angahewa kwa zaidi ya mara 25 ya kabonidayoksaidi ya uzito uleule, ikihesabiwa kwa miaka 100. Kulowesha kuwe kwa saa, si kwa siku.

4.5 Kupasha joto

Je, haifai kutumia sehemu ya gesi kuupasha uji? Hesabu inajibu. Kupasha lita 60 za uji kutoka nyuzi 15 za alfajiri hadi nyuzi 30 kunahitaji karibu kilojuli 3,800. Jiko na sufuria hupoteza takriban nusu ya moto, basi gesi inayohitajika ni yenye kilojuli 7,600 hivi. Meta moja ya ujazo ya bayogesi ina karibu kilojuli 21,000. Kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya meta ya ujazo ingechomwa kila siku, wakati kilo 30 za kinyesi hutoa takriban meta moja tu hata katika hali njema. Biashara hiyo ina hasara.

Jua halidai malipo. Maji ya kuchanganyia yawekwe katika madumu meusi juani tangu asubuhi, na tangi lilishwe alasiri badala ya alfajiri. Kinyesi kitumike kingali kibichi na chenye joto la mnyama. Tangi lenyewe lifukiwe ardhini na juu yake pawekwe samadi kavu au majani, mfano wa shimo la kuvundikia ndizi. Hatua hizi hazilifikishi tangi kwenye nyuzi 35, lakini hulikinga na mshtuko wa uji baridi kila siku, na vijiumbe wa methani huchukia mabadiliko ya ghafla kuliko ubaridi wenyewe.

4.6 Kusawazisha

Vijiumbe huhitaji kaboni na nitrojeni kwa uwiano wa takriban 20 hadi 30 kwa 1. Samadi ya ng'ombe inakaribia kiwango hicho. Kinyesi cha nguruwe na cha kuku kina nitrojeni nyingi zaidi, na kikitumika peke yake kwa wingi hujaza amonia tangini. Katika kaya yenye nguruwe wawili na ng'ombe mmoja, vinyesi hivyo vichanganywe, na maganda ya ndizi yaliyokatwakatwa yaongezwe kidogo kidogo. Chakula laini kikizidi kwa ghafla, asidi hutangulia vijiumbe wa methani, uji huwa mchachu na mwali huzimika. Chokaa au majivu kidogo husaidia kupunguza uchachu huo. Lakini dawa ya kwanza ni kusimamisha ulishaji kwa siku chache.

5.0 Machinjio na mipaka ya njia hizi

Tuliyoyaeleza yanahusu zizi la kaya. Maji taka ya machinjio ni jambo jingine. Yana damu yenye protini nyingi na mafuta yanayoganda, kuelea na kuziba mabomba. Huko hutakiwa mtego wa mafuta, chujio la mabaki, na birika la kusawazishia kabla ya tangi. Penye hatari ya maradhi, taka hupashwa joto kwanza: sheria za Umoja wa Ulaya za mwaka 2011, mathalani, zinataka baadhi ya mabaki ya wanyama yasagwe hadi milimita 12 na kupashwa nyuzi 70 kwa saa nzima. Viwanda vikubwa hutumia pia mvuke wa shinikizo, mawimbi ya sauti na magadi makali. Njia hizo huongeza gesi, lakini hula umeme na fedha. Hazifai kuigwa na mwenye ng'ombe watatu.

Hatari nayo isemwe wazi. Birika lililofunikwa na shimo la tangi hukusanya gesi zisizoonekana. Watu wa Kivu wanaijua mazuku, kabonidayoksaidi inayotuama katika mabonde karibu na Goma na kuua mtu au mnyama anayeingia. Tangi tupu la samadi ni mazuku iliyojengwa kwa mikono, na haidrojeni salfaidi huongeza sumu yake. Asiingie mtu kulisafisha peke yake, wala kabla halijapata hewa, wala kwa taa ya moto.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba gesi nyingi hupotea kabla ya kuzaliwa, nayo hupotea kwa maji yaliyozidi, mchanga, majani marefu na ubaridi. Kwa mwenye nguvu za kufanya jambo moja tu, aanze na kupima maji; la pili liwe kutenga mchanga na dawa; la tatu kukatakata; la nne kutumia jua. Hakuna hata moja linalodai fedha zaidi ya birika, beleshi, panga na madumu. Nao uji unaotoka tangini haujapoteza nitrojeni yake. Hurudi katika migomba, ambayo tangu zamani ndiyo yenye haki ya samadi katika Kabare.

Kwa upande wa lugha, msomaji atakuwa ameona kwamba istilahi ngeni tulizolazimika kuzitumia, kama haidrolisisi na lignini, zinahusu yale yasiyoonekana kwa macho. Kazi za mikono zote zimepata majina yake bila kuombwa: kutenga, kuchuja, kutuamisha, kuzimua, kukatakata, kulowesha, kuvundika. Waandaaji wa vitabu vya mafunzo ya bayogesi wangefanya vyema kuanza na maneno hayo, kwa kuwa anayejua kuvundika ndizi amekwisha kuelewa nusu ya somo kabla ya kufungua kitabu.